Kima cha Chini cha Utu katika Uchumi wa Soko

Demokrasia ya kijamii ni siasa inayolikubali soko, mali ya mtu binafsi na faida, kisha inaitaka serikali ichukue sehemu ya faida hiyo kwa njia ya kodi na kuigeuza kuwa shule, matibabu, makazi na malipo ya uzeeni. Haiupindui ubepari, wala haiuachi ujiendee. Ujerumani ilianzisha bima ya afya ya wafanyakazi mwaka 1883, na aliyeianzisha, Bismarck, alikuwa adui wa wasoshalisti aliyetaka kuwapokonya wafuasi. Uingereza ilijenga mfumo wake baada ya ripoti ya Beveridge ya mwaka 1942. Mwaka 1959, katika mji wa Bad Godesberg, chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, SPD, kiliachana rasmi na mafundisho ya Marx na kukubali ushindani wa soko. Hayo yanajulikana. Kisichozungumzwa sana ni swali la falsafa lililo chini yake: mtu aliyechuma kihalali analazimishwaje kumgawia asiyekuwa nacho? Wapo wanaojibu kwamba anatoa kwa huruma, na hapo mtoaji ndiye anayeamua atoe nini, lini, na ampe nani. Wapo wanaojibu kwamba anachotoa ni deni, na mdai ni yule aliyepungukiwa. Nchini Kenya majibu haya mawili yamevutana tangu uhuru, na kuanzia katikati ya jiji la Nairobi hadi vitongoji vyake vya magharibi mvutano huo unaonekana kwa macho.

Serikali ya Jomo Kenyatta ilitoa jibu lake mwaka 1965, katika Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika, ulioandaliwa chini ya Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi. Waraka ulikataa Umarx na ubepari usio na mipaka kwa pamoja. Ulidai kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na mambo mawili yanayofaa kurithiwa, yaani demokrasia ya kisiasa na desturi ya kuwajibikiana. Mali ya mtu binafsi ingelindwa, mtaji wa kigeni ungekaribishwa, na serikali ingetumia kodi na mipango kuzuia nguvu za kiuchumi zisirundikane mikononi mwa wachache. Kwa msomaji wa leo, huo ni mpango wa demokrasia ya kijamii ulioandikwa kwa lugha ya mila.

Wiki chache kabla haujatolewa, tarehe 24 Februari 1965, Pio Gama Pinto, mbunge na mwanasoshalisti aliyekuwa karibu na Makamu wa Rais Oginga Odinga, alipigwa risasi kwenye lango la nyumba yake huko Westlands. Mrengo uliotaka ardhi igawanywe upya ulipoteza mpangaji wake hodari, na waraka ukapita Bungeni kwa urahisi. Mboya naye aliuawa tarehe 5 Julai 1969 katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue, mahali ambapo sasa pana sanamu yake.

Ufa wa kwanza wa waraka ulionekana mapema. Ulishauri fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoleta mazao makubwa zaidi, na pale palikuwa tayari na reli, mvua na mashamba ya walowezi. Kaskazini ikaambiwa ingoje. Iliichukua nchi miaka 45 kukiri kosa hilo kwa sheria: Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji na kuitengea nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Barack Obama, mwanauchumi na baba wa rais wa Marekani wa baadaye, aliukosoa waraka huo katika East Africa Journal la Julai 1965, akiuliza ni kwa njia gani hasa pengo la mali lingezibwa.

Ufa wa pili ni wa kifalsafa, na ndio mkubwa. Kuwajibikiana kulikosifiwa na waraka kulikuwa kwa watu wanaojuana. Ndugu humsaidia ndugu kwa sababu anamwona, anajua kama ni mvivu au ni mgonjwa, na anajua kwamba kesho huenda yeye ndiye atakayekuwa na shida. Mjini mtu anaishi na wageni. Anayeuza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, hamjui mwalimu mstaafu wa Lodwar, kaskazini ya mbali, na hakuna baraza la wazee litakalowakutanisha. Ili kuwajibikiana kuvuke mpaka wa ujamaa wa damu, lazima kugeuzwe kuwa sheria, kodi na daftari la wanufaika. Waraka uliazima hisia ya kijijini bila kujenga chombo cha mjini. Vyombo vilivyoundwa wakati huo, hazina ya akiba ya uzeeni (NSSF) mwaka 1965 na bima ya hospitali (NHIF) mwaka 1966, viliwekwa juu ya ajira ya mshahara, mfano wa Bismarck, katika nchi ambayo wenye mishahara walikuwa wachache.

Pengo hilo lilijazwa na harambee. Michango hiyo ilijenga shule na zahanati nyingi, na hakuna sababu ya kuidharau. Lakini harambee ina tabia yake: jina la mtoaji hutangazwa kwa kipaza sauti, kiasi chake hutajwa, na makofi hupigwa. Baada ya miaka kadhaa mbunge alikuwa amegeuka mfadhili, na mpiga kura amekuwa mwombaji. Shule ambayo mtoto aliidai kwa kuwa ni raia ikawa zawadi ya mheshimiwa. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwazuia maafisa wasitumie vyeo vyao kuchangisha, ila mazoea yalikuwa yameshakomaa. Ndiyo maana lililotokea Novemba 2024 lilishtua wengi. Rais William Ruto alitoa mamilioni ya shilingi katika kanisa Katoliki la Soweto, mashariki mwa jiji, na siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe. Siku chache kabla ya hapo maaskofu walikuwa wameishutumu serikali kuhusu kodi na mfumo mpya wa bima ya afya. Kukataa sadaka ni jambo lisilo la kawaida kanisani, na hapa lilikuwa na hoja ndani yake: anayekatwa kodi kupita kiasi siku za kazi hafai kurudishiwa kidogo Jumapili kwa jina la ukarimu.

Mwanafalsafa aliyelishughulikia swali hili kwa makini zaidi nchini Kenya ni Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki Desemba 1995. Wengi wanamkumbuka kwa utafiti wake kuhusu hekima ya wazee wa vijijini. Kazi yake kuhusu haki za kiuchumi inasomwa kidogo, na hiyo ni hasara. Oruka alisomea falsafa Uppsala, Uswidi, wakati demokrasia ya kijamii ya nchi hiyo ilipokuwa imeshamiri, na mwishoni mwa miaka ya 1980 aliandika kuhusu misaada ya nje akitetea alichokiona kuwa haki ya kila mtu: kima cha chini cha utu. Kima hicho kina mambo matatu: usalama wa mwili, riziki ya kumtosha mtu kuishi, na matibabu.

Hoja yake haianzi na huruma, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Oruka anaanza na sharti la maadili yenyewe. Ili mtu aweze kufikiri, kuchagua na kuheshimu haki za wenzake, lazima awe na kiasi fulani cha chakula, afya na usalama. Akiwa chini ya kiasi hicho anaweza kuwa hai, lakini hawezi kutimiza kazi za mtu mwenye kuwajibika kimaadili. Sasa haki ya kumiliki mali ni dai linaloelekezwa kwa wengine: waiheshimu, wasiivamie. Dai hilo lina maana tu kwa watu wanaoweza kuwajibika. Mwenye mali anayekubali wenzake wazame chini ya kima hicho anadai heshima kwa watu aliowanyima uwezo wa kuitoa. Kwa hiyo haki ya kima cha chini inatangulia haki ya mali, na pia inatangulia mpaka wa nchi. Ukarimu hauwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa ukarimu ni tendo jema ambalo mtu halaumiwi akiliacha.

Pingamizi la kawaida dhidi ya fikra hii, linalosikika katika ofisi za Upper Hill kama linavyosikika kwenye steji ya bodaboda, ni kwamba kila mtu abebe msalaba wake: aliyeamka alfajiri asimlishe aliyelala. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Haki ya kima cha chini haimpi mtu mwenye nguvu ruhusa ya kukaa bure, na hata waraka wa Mboya ulisisitiza wajibu wa kufanya kazi. Linapokosea ni kudhani kwamba soko humlipa kila mtu kwa kadiri ya jasho lake. Anayefuata Gitanga Road kutoka Valley Arcade kuelekea magharibi hupita kuta na malango ya Lavington, na baada ya mwendo mfupi anajikuta Kawangware, kwenye vibanda vya mabati, mifereji iliyojaa na vyumba vya kupanga vilivyobanana. Wanawake wanaotoka huko asubuhi huketi kando ya barabara wakingoja mtu wa kuwaita wakafue. Siku wanayoitwa hufua mpaka jioni, na siku wasipoitwa hurudi mikono mitupu. Hakuna mtu anayeweza kusema kwa uso mkavu kwamba wamelala.

Tena mali iliyo nyuma ya malango ya Lavington haikutokana na jasho peke yake. Kangemi, Kawangware na Riruta zilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu ya Dagoretti hadi mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru, huku upande wa Lavington ukiwa wa mashamba makubwa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha huko kituo cha St Austin's mwaka 1899 na kulima kahawa. Ramani ya kikoloni ndiyo iliyoamua ni ploti gani ingeuzwa kwa ekari na ipi ingekatwakatwa kuwa vyumba. Soko lilikuja baadaye na kuitia bei ramani hiyo.

Dini mbili kubwa za jiji hili zina majibu yanayokaribiana na ya Oruka, ingawa misingi yake ni mingine. Katika Uislamu zaka si sadaka. Ni asilimia 2.5 ya akiba iliyokaa mwaka mzima, na Kurani inaitaja kuwa haki inayojulikana ya mhitaji ndani ya mali ya mwenye uwezo. Anayeilipa katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji, hamfadhili maskini; anamkabidhi kilicho chake. Jambo la pili la zaka ni nisabu: asiyefikia kiwango fulani cha mali hatozwi chochote. Fikihi iliyapanga haya karne nyingi kabla ya Beveridge kuzaliwa.

Mafundisho ya Kikatoliki, tangu waraka wa Papa Leo wa Kumi na Tatu wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, yanatetea mali ya mtu binafsi na wakati huohuo yanasema kwamba vitu vya dunia viliumbwa kwa ajili ya watu wote. Tarehe 27 Novemba 2015, Papa Fransisko alizuru parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Kangemi, inayohudumiwa na Wajesuti. Mbele ya watu wa mtaa alitaja ardhi, makazi na kazi kuwa haki takatifu, akalaani kutelekezwa kwa mitaa ya maskini na wanaonyakua ardhi, hata viwanja vya shule. Aliyasema hayo mahali ambapo maji safi bado yananunuliwa kwa mtungi. Lakini mafundisho hayohayo, katika waraka wa 1931, yanaonya kwamba serikali isimeze kazi ambazo familia, vyama na parokia zinaweza kuzifanya zenyewe. Wakatoliki wa Nairobi wanaonukuu nusu ya kwanza mara nyingi husahau nusu ya pili, na kinyume chake.

Katiba iliyotangazwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010 ilichagua upande wa haki. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji, elimu na hifadhi ya jamii, na kinaiamuru serikali iwasaidie wasioweza kujikimu pamoja na wanaowategemea. Kwa maandishi, huu ni ushindi wa Oruka. Kilichobaki bila jibu ni swali ambalo Oruka mwenyewe hakulimaliza: nani alipe kwanza?

Miaka ya karibuni imelijibu kwa vitendo, na jibu lake ni hati ya mshahara. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa viwango vya 2025, hukatwa 1,375 za bima ya afya ya SHA, ambayo ni asilimia 2.75, hukatwa 750 za ushuru wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Hukatwa 3,000 za NSSF. Kisha kodi ya mapato isiyopungua 5,800. Anabaki na takriban 39,000 kabla ya nauli na kodi ya nyumba. Kila kato, likitazamwa peke yake, linaweza kutetewa kwa hoja ya demokrasia ya kijamii, na Mswidi hukatwa zaidi. Tofauti ni kwamba Mswidi hulipa akiwa sehemu ya jamii ambayo karibu kila mtu mzima yumo kwenye daftari, ilhali Kenya zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 wako katika sekta isiyo rasmi. Mzigo wa wote unabebwa na wachache wanaoonekana.

Mahakama Kuu ililigusa jambo hili tarehe 28 Novemba 2023 ilipobatilisha ushuru wa nyumba, ikieleza miongoni mwa sababu zake kwamba kuwatoza wenye ajira rasmi peke yao ni ubaguzi. Bunge lilipitisha sheria mpya iliyotiwa saini Machi 2024 na kuwaingiza wa sekta isiyo rasmi, kwa karatasi. Juni iliyofuata Mswada wa Fedha, ambao mwanzoni ulitaka hata mkate utozwe VAT ya asilimia 16, uliwatoa vijana barabarani. Tarehe 25 waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais akautupa mswada. Wachambuzi wengi waliiita hasira ya kupinga kodi. Tafsiri hiyo ni finyu. Kodi ni ahadi ya pande mbili, na waandamanaji walikuwa wakiuliza ahadi ya upande wa pili ilikwenda wapi.

Kwa asiye na hati ya mshahara, haki ya matibabu inapitia dodoso. Mama mboga wa soko la Kangemi anayejisajili SHA huulizwa ukuta wa nyumba yake umejengwa kwa nini, maji anayapata wapi, choo chake ni cha aina gani. Majibu yanageuzwa kuwa makisio ya kipato, na kutoka hapo mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, unaotakiwa kulipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa kuwa wengi hawana fedha za mkupuo, serikali ilianzisha mkopo wa kulipia bima. Hapa fikra ya haki imepinda vibaya: mwenye kudai analazimika kuthibitisha ufukara wake kwa mashine, kisha akope ili adai. Mpango unaokaribia zaidi maana ya haki ni ule wa wazee katika Inua Jamii. Tangu 2018 uliwalenga wote waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni, bila kuwapima umaskini. Malipo yake ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo hazifiki kodi ya chumba kimoja cha maana Kangemi. Kanuni ni sahihi, kiasi ni aibu.

Wakati huohuo ardhi, mali iliyopanda thamani kuliko karibu kitu chochote kingine jijini, imetozwa kwa upole wa ajabu. Kodi ya faida inayotokana na kuuza mali ilisimamishwa mwaka 1985 na kurejeshwa 2015 kwa asilimia 5, kisha ikapandishwa hadi 15 mwaka 2023. Kwa miaka 30, aliyeuza ekari moja ya Lavington kwa mara nyingi ya bei aliyonunulia hakulipa kodi ya faida hiyo. Kodi ya kila mwaka ya viwanja Nairobi nayo kwa miongo kadhaa ilikokotolewa kwa daftari la thamani la mwaka 1982. Kama zaka ingetozwa hivi, ingemwacha mwenye dhahabu na kumwendea mwenye unga.

Mahakama zina nafasi yake. Katika kesi ya wakazi wa Mitu-Bell, kijiji kilichobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2021 kwamba waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makazi ingawa hawana hatimiliki, na kwamba majaji wanaweza kutoa amri na kuendelea kusimamia utekelezaji wake. Kifungu cha 20 cha Katiba kinaitaka serikali inayosingizia uhaba wa fedha ithibitishe uhaba huo. Majaji hata hivyo hawaandiki bajeti. Na Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 209, iliigawa mifuko: kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha ni vya serikali ya kitaifa, huku kodi ya ardhi na majengo ikiachiwa kaunti. Wizara inayowiwa hifadhi ya jamii ya mwanamke anayengoja kazi ya kufua Gitanga Road haiwezi kuutoza kodi ya kila mwaka uwanja ulio nyuma ya lango anapongoja. Uwezo huo uko City Hall, makao ya serikali ya kaunti, ambayo kwa Kifungu cha 43 inadaiwa zaidi zahanati na maji kuliko pensheni.